Maji Yaliyochemka kwa Nyuzi 97

Katika muhula wangu wa kwanza wa kufundisha Fizikia kwenye shule binafsi ya bweni ya wasichana hapa Moshi, niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Pili kazi nyepesi ya maabara: wachemshe maji kwenye bika, wasome kipimajoto kila baada ya dakika moja, kisha waandike ni nyuzi ngapi pale maji yanapotokota na joto lisipande tena. Nilipita meza zote na kuona zebaki imegota kwenye 97 au jirani yake. Madaftari yalipofika kwangu, kila kundi lilikuwa limeandika 100.

Nilimwita binti mmoja ambaye namba yake ya awali ilikuwa bado inasomeka chini ya alama za ufutio. "Madamu, niliona tisini na saba," alisema kwa sauti ya chini, "lakini kitabu kinasema mia, nikajua nimekosea mimi."

Kitabu hakikudanganya, ila kilizungumzia usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko mita 800 hivi juu ya usawa huo, na kwa kuwa kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua kadiri mtu anavyopanda, kiwango cha kuchemka nacho hushuka, takribani nyuzi moja kwa kila mita 300. Somo hilo lingeweza kufundishwa kwa dakika kumi. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba mabinti hawa, walioingia shuleni kwa usaili na ambao wazazi wao wanajinyima ili kulipa ada, walikuwa wamezoea kuyakana macho yao wenyewe ili wasipigwe mkasi wa wino mwekundu.

Nilianza vibaya. Nilijaribu kuwataja kwa majina ili wajibu mbele ya darasa, na mmoja akaangua kilio, nikaacha. Nikaweka sanduku la maswali ya siri, nalo likajaa malalamiko kuhusu maharage ya bwenini, ambayo kwa kweli yalikuwa ya haki lakini hayakuwa Fizikia.

Mabadiliko yalikuja nilipogusa maksi zenyewe, kwa sababu kwa mwanafunzi wa Kitanzania anayeutazama mtihani wa Baraza la Mitihani kila siku ya maisha yake, ahadi ya mdomo haina uzito kama maksi. Katika kila zoezi la maabara lenye maksi 10, nilitenga 6 kwa vipimo vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino kama vilivyoonekana. Ufutio ulipigwa marufuku: aliyetaka kubadilisha namba aliikata kwa mstari mmoja, ya zamani ibaki inasomeka, na aeleze sababu pembeni. Jibu la mwisho lilibaki na maksi 2 tu, na nyingine 2 zikaenda kwa maelezo.

Jambo la pili lilihitaji ruhusa. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na shuleni kwetu aliyesikika akiongea Kiswahili alipewa adhabu. Nusu ya darasa langu walitoka shule za msingi za Kiswahili, na hao ndio walionyamaza kuliko wote. Nilimwomba mkuu wa shule aniachie dakika kumi za mwanzo za kila kipindi cha maabara, wanafunzi wabishane kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Alikubali kwa muhula mmoja, kwa shingo upande.

Tuliporudia kuchemsha maji, katika zile dakika kumi alisimama binti ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "ndiyo, Madamu". Baba yake ni mpagazi mlimani Kilimanjaro, na nyumbani huwasimulia kwamba huko kambi za juu maharage hayaivi hata yakae jikoni mchana kutwa, ndiyo maana hawayabebi. Wenzake walicheka, kisha wakaanza kupiga hesabu: kileleni Kibo, mita 5,895, maji yangechemka kwa nyuzi ngapi? Walifika karibu na 80. Sikuwahi kuwapa swali hilo.

Lazima niseme pia kwamba wastani wa darasa ulishuka mwanzoni, kwa kuwa waliozoea kunakili jibu la kitabu walipoteza maksi, na mwalimu wa taaluma aliniita ofisini mara mbili. Siku ya wazazi, mama mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama ninamfundisha mwanaye kukosea. Nilimwonyesha daftari, namba zilizokatwa na sababu zilizoandikwa pembeni. Alilifunua polepole hadi mwisho, akanirudishia bila neno.

Mwaka uliofuata nilifanya jaribio lile lile mbele ya darasa jipya, wasichana wa Kidato cha Tatu wakinisaidia. Nilitazama kipimajoto, nikaandika 98 ubaoni.

"Samahani, Madamu," alisema binti wa mpagazi. "Umesoma ukiwa umesimama. Macho hayakuwa usawa na zebaki."

Niliinama. Ilikuwa 97. Nilikata 98 kwa mstari mmoja, nikaandika namba mpya pembeni, na darasa zima likaningoja niandike na sababu.