Nairobi au Eldoret: nilivyochagua chuo cha udaktari

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yalipotoka na alama zangu zikatosha kuombea udaktari, nyumbani kwetu Langoni, Lamu, swali lililobaki lilikuwa nikasome wapi. Ami alishaamua: Chuo Kikuu cha Nairobi, kinachofundisha udaktari tangu 1967. "Mwanangu, madaktari wote unaowasikia wametoka hapo." Jicho langu mimi lilikuwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi.

Nilianza kwa kuondoa yasiyotofautisha. Kote ni miaka sita, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, huombwa vilevile popote. Hayo nikayaweka kando, ingawa ndiyo yaliyopigiwa kelele zaidi barazani.

Nililotaka kujua hasa ni hili: mwanafunzi hukutana na mgonjwa lini, na mgonjwa wa namna gani? Nairobi, miaka ya mwanzo huwa kampasi ya Chiromo, kwenye anatomia na fiziolojia. Wodi za Hospitali ya Kenyatta hufuata. Faida yake si ndogo. Kenyatta hupokea rufaa kutoka nchi nzima, na ugonjwa ambao Lamu tungeusoma kitabuni tu, kule mwenye nao yuko kitandani mbele yako. Moi, tangu walipopokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, walishika njia ya vikundi vidogo: mnapewa kisa cha mgonjwa, mnajitafutia wenyewe mnachopaswa kujua, kisha mnarudi kujadiliana huku mwalimu akiwaongoza. Tena kuna mpango wao uitwao COBES, unaowapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya mashinani, wakaone maji, vyoo, chanjo na uzazi wa watu wenyewe.

Hapo ndipo niliponaswa. Mtu akiugua Faza au Kiunga, kabla ya kufika hospitali ya King Fahad kuna boti, kuna upepo, kuna maji kupwa na kujaa. Akihitaji makubwa zaidi, ni kuvuka hadi Mokowe na kushika barabara ya Mombasa. Nilitaka kufundishwa na watu wanaomfikiria mgonjwa huyo mapema.

Tovuti za vyuo sikuzitegemea, kila muuza samaki husema wake ni wa leo. Nilimpigia simu Mwamu mmoja, mtu wa kwetu Lamu, anayesoma Nairobi na mwingine wa Eldoret, nikawauliza maswali yaleyale. Wa Nairobi alisema walimu ni mabingwa, ila wanafunzi ni wengi na lazima ujipenyeze ufike karibu na kitanda. Wa Eldoret alisema mwanzoni utajiona hujui lolote, kwa sababu hakuna wa kukutafunia noti, na asiyependa kusema mbele ya wenzake huteseka. Mimi ni mbishi tangu madrasa. Nikajua kwangu ni wapi.

Pingamizi la Mama lilikuwa jingine kabisa. Nairobi yuko khalati, South C; Eldoret hatuna mtu, na ule mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi yake si ya leso. Baba aliuliza nauli tu. Tukakaa na kalamu: boti, basi la Mombasa, Nairobi, halafu safari nyingine tena. Tukaafikiana kwamba likizo fupi nitaishia kwa khalati, na Lamu nirudi zile ndefu. Kusikia jina la dada yake ndiko kulikomlainisha Mama.

Kwenye KUCCPS, mfumo wa kuombea nafasi za vyuo, nilitazama kwanza pointi za chini kabisa zilizopata nafasi mwaka uliotangulia. Nikaweka udaktari wa Moi juu, wa Nairobi chini yake, na mwishoni uuguzi, maana udaktari hujaa upesi na sikutaka kubaki mikono mitupu.

Nafasi ilipotoka, ilikuwa Moi. Ami alinuna siku kadhaa, kisha akaanza kuulizia bei ya masweta Mombasa.