Kiima Kilikuwa Kimejificha Ndani ya Kitenzi

"My father he is sick." Mwalimu wa masomo ya jioni alikata "he" kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: kiima mara mbili. Nilijua nimekosea, ila kosa lenyewe sikuliona. Baba anaumwa. Nimemtaja baba, kisha ile "a-" ikamtaja tena. Tangu lini hilo likawa kosa?

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Mwanga hapa Kigoma. Mwaka ule nilikuwa najiandaa na QT, mtihani wa kumwezesha aliyekosa sekondari kufanya ule wa kidato cha nne, umri miaka 31. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, nyumbani tunaongea Kiha, na sekondari ambako kila kitu kinageuka Kiingereza niliishia njiani. Kilichobaki kichwani ni kukariri: kiima ni mtenda wa jambo, shamirisho ni mtendwa. Ukiniamsha usiku nakutajia. Ukinipa sentensi, natoa macho.

Siku moja mama anayetuuzia mawese aliingia bandani akisema, "Nimewaletea mawese!" Nilikuwa na chaki ya kuchorea kitambaa mkononi. Alipoondoka nikaliandika lile neno moja juu ya meza ya kukatia, nikalipiga mistari kama ninavyokata suruali: ni, me, wa, letea. Chini yake nikaandika: "I have brought you". "Ni" ndiyo "I", "me" ndiyo "have", "letea" ndiyo "brought". Na "wa", yaani sisi tunaoletewa, imetoka katikati ikahamia nyuma ya kitenzi.

Nilikaa pale mpaka pasi ikapoa. Sisi tunamfunga mtenda na mtendewa ndani ya kitenzi, na Kiha ni hivyohivyo. Mwingereza anawatoa nje, kila mmoja na kiti chake. Ndiyo maana "he" yangu ilizidi: kiti kilikuwa kimoja na baba ameshakikalia. Ndiyo maana pia niliwahi kuandika "Is raining" nikakosa alama. Kiti cha mbele hakiachwi wazi, labda uwe unaamuru mtu. Pasipo wa kukaa wanaweka "it" tu, hata kama haimaanishi kitu.

Bei ya dagaa nayo ilinipa somo. Niliandika "The price of sardines have gone up", kwa sababu dagaa ndio walikuwa karibu na kitenzi. Lakini hakuna anayesema "bei ya dagaa wamepanda". Imepanda. Imepanda nini? Bei. Basi ni "has". Tangu hapo sentensi ikiwa na kiima kirefu naitafsiri kwanza, nasikiliza kitenzi cha Kiswahili kinamfuata nani, halafu narudi.

Kilichonitesa zaidi ni meli. Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, tunaijua wote: Wajerumani waliiunda 1913 wakaiita Graf von Götzen, na mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Nikaandika "The Germans sank the ship". Sawa. Nikaandika "The ship sank". Nayo sawa! Kitenzi kilekile, hata herufi haijabadilika, lakini kwanza meli ilikuwa shamirisho, sasa ni kiima. Kwetu mwisho wa neno ungeshakuambia: walizamisha, ilizama. Kwao unaangalia nani kakaa wapi, basi.

Halafu mwalimu akaleta "The ship was sunk by the Germans". Waliotenda ni Wajerumani, kiima ni meli. Ule wimbo wangu wa "kiima ni mtenda" ukafia hapo. Kwa kweli sijui kwa nini watoto bado wanakaririshwa bila kuambiwa kwamba kuna siku utawaangusha. Siku hizi siulizi nani katenda. Nauliza kitenzi kinamtii nani.

Si kwamba nimemaliza. Wiki iliyopita mwanangu, yuko kidato cha kwanza, aliniletea hii tutafute kitenzi kikuu: "The fish the boys caught were small". Nikazungushia duara "caught" kwa kujiamini, nikamrudishia daftari, nikaendelea kupindia sketi ya mteja. Wakati nafunga banda ndipo nikajiuliza ile "were" ni ya nani.