Ati naogopa nyimbo mbaya

Nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii naandika habari za mama. Basi kwa ufupi: jicho limefanyiwa upasuaji Jumanne, bandeji imetoka, anaona, na ameshaanza kulalamika kwamba nyumba yangu ina vumbi. Kazini wamenipa kile cheo nilichosema hapa kwamba hata wakinipa sikitaki. Nimekubali. Haya, hayo yamekwisha. Sasa niseme linaloninyima usingizi, nalo ni sentensi moja ya mtoto wa dada yangu.

Huyo mtoto ndiye Profesa, mnamjua. Ndiye yule aliyenisahihisha mbele za watu kuhusu nani alipiga besi kwenye albamu ipi, tena akawa sahihi. Alikuja Jumatano kumwona bibi yake. Alipomaliza kusalimia akaketi sakafuni mbele ya rafu yangu ya muziki, kichwa upande, akawa anapitisha kidole kwenye migongo ya CD mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mkaguzi wa hesabu. Rafu ya juu akaipita bila neno. Ya pili ndiyo ya mikusanyiko, zile CD za nyimbo zilizochaguliwa zikawekwa pamoja. Kidole kilipofika hapo kikasimama.

"Mama mdogo."

"Sema."

"Mbona mikusanyiko mingi hivi?"

"Naipenda."

Akanyamaza kidogo. Hakuwa na nia ya kunichokoza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa anafikiri kweli. "Mimi naona unaipenda kwa sababu unaogopa nyimbo mbaya."

Nami nikasema, "Ehe."

Basi! Miaka thelathini ya kusikiliza hevi metali, na utetezi wangu wote ukawa ni ehe. Halafu mama akaita kutoka chumbani anataka matone yake, nikaenda, na niliporudi mtoto ameshahamia kwenye simu yake.

Tangu hapo nimemjibu mara zisizohesabika. Nimemjibu nikioga. Nimemjibu nikifua. Nimemjibu Alhamisi ofisini, kwenye kile kikao cha kukabidhiwa cheo: mkurugenzi anasema "tuna imani na wewe, saini hapa", nami ninasaini huku kichwani nasema, na *No Remorse* je, mwanangu? *No Remorse* nayo ni ya waoga?

Maana ukitaka kuusema vibaya mkusanyiko mbele yangu, anza na huo tuone. Ni wa 1984. Bendi ya Motörhead wangeweza kupangiwa nyimbo zao za zamani na watu wa kampuni, ikawa ndiyo hiyo. Lemmy, mwimbaji wao, akaingia mwenyewe, akachagua, na akatia nyimbo nne mpya zilizorekodiwa na wapiga gita wapya. Mojawapo ni "Killed by Death", ambayo ukiwauliza watu leo wimbo gani ndio Motörhead, wengi wataitaja ndani ya tatu za mwanzo. Wimbo umezaliwa ndani ya mkusanyiko! Tena kulikuwa na toleo lenye jalada la ngozi. Ngozi, Profesa. Mwoga haweki ngozi.

Jibu la pili lilinijia nikiwa nafua, nikaacha shati ndani ya maji. *Best of the Beast* ya bendi ya Iron Maiden, ya 1996, ile ya CD mbili. Imepangwa kinyumenyume. Inaanza na Blaze Bayley, mwimbaji wa wakati huo, kisha inarudi: Bruce Dickinson, halafu Paul Di'Anno, mpaka unafika kwenye rekodi za *The Soundhouse Tapes*, za kabla kampuni kubwa haijawachukua. Unaisikia bendi ikipungua umri. Gita zinakonda, dramu zinakuwa kama zinapigwa chumba cha pili, na mwishoni unabaki na vijana wenye njaa. Hakuna albamu ya kawaida inayoweza kukupa hilo, hata iwe nzuri vipi.

(Najua. Wimbo wa kwanza humo, "Virus", ni chambo. Waliuweka mpya ili sisi tulio na albamu zote tununue tena. Na mimi nilinunua. Sisemi mikusanyiko yote ni mitakatifu. Iko ile inayotoka mkataba unapofika mwisho, kila wimbo umepandishwa sauti mpaka wa 1976 na wa 1992 wamelingana kama ukuta uliopigwa lipu. Hiyo hata mimi naipitisha kidole.)

Lakini majibu hayo mawili yalikuwa na kasoro, niliiona nikiwa bado nayarudia. Profesa hakusema mikusanyiko ni mibaya. Alisema mimi naogopa. Ukimjibu kwa kumwonyesha jinsi nyimbo zilivyochaguliwa vizuri, umemsaidia kesi yake.

Ijumaa usiku ndipo nilipolipata jibu lenyewe, nikakaa kitandani wima kama niliyeitwa jina. Yeye anazungumzia mikusanyiko ya vibao. Iko aina nyingine kabisa: ile ya bendi ambazo hakuna anayezijua bado, kila moja imepewa wimbo mmoja, kila mtu na bahati yake. Chukua *Metal Massacre* ya kwanza, 1982. Brian Slagel anakusanya bendi za kwao Los Angeles, mpiga dramu Lars Ulrich anamwomba nafasi, na hana bendi! Ameomba kiti kwanza, halafu ndiyo akaenda na James Hetfield kutafuta wa kukikalia. Bendi hiyo ndiyo Metallica. Toleo la kwanza likatoka jina limeandikwa kwa t mbili, Mettallica, na hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kwenye sahani. Juzuu ya pili ina bendi inayoitwa Trauma, ambayo mpiga besi wake alikuwa Cliff Burton, kabla Metallica hawajamchukua. Ya tatu, 1983, ina Slayer, nao wakaja kuwa wakubwa. Na kuwazunguka hao kuna majina mengi ambayo leo yamebaki kwenye vinywa vya watu kama mimi tu.

Unaona? Mkusanyiko wa aina hiyo kazi yake ni kukutupia nyimbo mbaya. Hauwezi kujua mwaka 1982 nani ni nani. Unakaa nazo zote, unavumilia, unasubiri. Hiyo si dawa ya woga hata kidogo. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu, nikawasha taa, nikaenda kutafuta ushahidi nimpelekee asubuhi. Nikachagua *Metal for Muthas* ya 1980, kwa kuwa ndiyo niliyoanza nayo, na kwa kuwa Iron Maiden wamo mara mbili kabla hawajatoa hata albamu yao ya kwanza. Sina CD yake. Nina kanda.

Kanda hiyo alinirekodia kaka. Mwandiko ni wake, ule wa kulala upande wa kushoto, kalamu ya wino wa bluu, na kwenye kona ya karatasi kuna alama ya kidole chake pale alipoishika kabla haijakauka. Nikasoma orodha. Maiden. Sledgehammer. Praying Mantis. Angel Witch. Maiden tena. Samson.

Sita. Albamu ina nyimbo kumi.

Si kwamba sikujua. Nilijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilimuuliza. Ninakumbuka alikuwa amesimama mlangoni anafunga kiatu, nikamwambia kwenye jalada zimeandikwa kumi, akasema, "Hizo nne usijisumbue." Nami sikujisumbua. Miaka yote hiyo nimesoma kuhusu bendi zile, naweza kukwambia kwamba Toad the Wet Sprocket na Ethel the Frog wote wawili walichukua majina yao kwenye vichekesho vya watu wa Monty Python, lile kundi la wachekeshaji wa Uingereza, nimewahi hata kumweleza Profesa hilo kama mtaalamu. Sijawahi kuwasikiliza. Nyimbo zimo kwenye simu yangu, bonyeza mara moja tu, na sijawahi.

Nilikaa na ile kanda mkononi muda mrefu. Taa ilikuwa inaniumiza macho nikaizima, nikakaa gizani. Sikuwa na hasira na mtoto tena. Kaka sasa hivi anasikiliza taarifa ya habari tu, ukimtajia Angel Witch anakuuliza ni nani huyo. Lakini masikio haya ni yake. Mpaka leo nikisikia gita inaanza polepole sana najikuta nimeshaiacha kabla sijaamua.

Kwa hiyo jana, mama akiwa amelala, nimezisikiliza nne zote. Kwa utaratibu, vipokea sauti masikioni, bila kuruka. E.F. Band wanaimba kuhusu roki kwa roki, sawa. Ethel the Frog wana haraka kama wanadaiwa. Nutz walikuwa wameshatoa albamu tangu miaka ya 1970, na unawasikia ni watu wazima waliokaa na watoto. Halafu "Blues in A" ya Toad the Wet Sprocket, ambayo ni bluzi kweli, kama jina linavyosema. Bluzi! Imekaa katikati ya metali kama mgeni wa harusi aliyeingia msibani na shati la maua. Haina uhusiano wowote na mambo yaliyoizunguka. Nimeirudia mara tatu.

Nikaanza kumwandikia Profesa. Niliandika yote, la ngozi, la t mbili, la Maiden kurudi ujanani. Ukawa ujumbe mrefu wa kutia aibu, nikaufuta. Nimemtumia ule wimbo wa bluzi peke yake, bila neno. Tiki mbili zimetokea. Hajajibu, na sijali sana.

Ninachojali sasa hivi ni kingine. Nimetoa mkobani nakala ya ile fomu ya cheo niliyoisaini Alhamisi, niiweke kwenye faili kabla sijalala, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa "ukurasa 1 kati ya 2". Mkobani mna mmoja tu.