Mark II ya zamani ikihesabiwa hasara kamili: hesabu nilizofanya kabla ya kusaini

Kampuni ya bima hugawanya gharama ya matengenezo kwa thamani ya soko ya gari kabla ya ajali. Jibu likivuka asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba, gari ni hasara kamili, hata kama fundi wa mtaani angelirudisha barabarani. Mkataba wangu ulisema asilimia 60. Gari ni Toyota Mark II GX100, injini 1G-FE, bima kubwa (inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe) ya shilingi 9,000,000, limegongwa mbele. Mkadiria hasara aliandika thamani 6,500,000 na matengenezo 5,300,000, yaani asilimia 82. Gari la umri huu hufika hapo haraka kwa sababu makadirio hufanywa kwa spea mpya, na boneti mpya haijali kwamba gari limechakaa.

Nilianza na vitu vidogo ambavyo baadaye huwa haviwezekani. Piga picha za pande zote nne, ndani, dashibodi ikionyesha kilomita, namba ya chesesi na ya injini, kabla ya breki dauni (gari la kuvuta) kulinyanyua. Chomoa betri. Toa taarifa kwa kampuni mapema kadiri mkataba unavyotaka, na fuatilia ripoti ya trafiki na ya mkaguzi wa magari, maana bila hizo faili halisogei. Gereji isifungue hata bolti moja kabla mkadiria hajaliona gari. Kilichofunguliwa hubishaniwa kuwa kiliharibikia hapo. Uliza pia nani analipa maegesho ya yadi. Ada ya kila siku inaweza kula sehemu nzuri ya fidia wakati mnabishana.

Kisha niliomba ripoti kamili ya mkadiria, si barua ya muhtasari. Humo ndimo utaona thamani imetoka wapi. Yangu ilianzia bei ya gari la kawaida la mwaka huo, ikapunguzwa kwa "hali ya wastani", ikapunguzwa tena kwa kilomita. Makato mawili kwa uchakavu uleule ni jambo la kupinga kwa maandishi, kipengele kwa kipengele.

Ushahidi unaosikilizwa ni magari yanayouzwa sasa hivi: modeli ileile, injini ileile, giaboksi ileile, mwaka usiopishana sana, mkoa uleule. Tangazo la GX110, toleo lililofuata, halisaidii, na mkadiria akiliona moja tu atatilia shaka mengine yote. Hifadhi picha ya kila tangazo ikiwa na tarehe, mpigie muuzaji, umuombe bei ya mwisho kwa ujumbe wa maandishi. Bei ya tangazo si bei ya mauzo, nao wanajua hivyo. Ukipeleka bei ambazo tayari zimeshashuka unawanyima sababu ya kukata.

Risiti za matengenezo zina kazi yake, ila wengi hukosea kuijua. Ukifanya ovahoo ya injini kwa milioni mbili, thamani haipandi kwa milioni mbili. Risiti huondoa tu yale makato ya hali ya wastani. Ziwe za EFD (mashine ya risiti za kodi), zenye namba ya gari ikiwezekana. Karatasi ya mkono ya fundi haina uzito. Tairi na betri ni matumizi, usizipigie hesabu. Rimu na redio za gharama hulipwa kama zilitajwa kwenye mkataba. Tathmini iliyofanywa kabla ya kukata bima ina nguvu kuliko hivi vyote.

Thamani ilipanda hadi 8,200,000, na matengenezo yakawa asilimia 65. Hapa kuna mtego: ingefika 8,900,000, hesabu ingeshuka chini ya 60 na wangekuwa na haki ya kulipeleka gereji yao badala ya kutoa fedha. Jua kabla unataka lipi. Angalia pia kiasi ulichokatia bima. Kama ningekata ya 5,000,000 kwa gari la 8,200,000 ili kuokoa ada, malipo yangeishia kwenye hiyo milioni tano, na kwenye matengenezo wangeweza kunilipa uwiano wa asilimia 61 tu. Kwa ada ya asilimia 3.5, na VAT juu yake, akiba ya kujidanganya hivyo ni ndogo mno.

Namba ya pili ni mabaki, yaani bei ya gari lililogongwa kama lilivyo. Ukitaka kubaki na gari, kampuni hukata bei ya mabaki kwenye fidia, kwa hiyo wewe unataka iwe chini. Omba kuona zabuni halisi ya mnunuzi, si makisio. Yangu ilikuwa 1,500,000. Hesabu: 8,200,000, toa ekses (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) ya asilimia 10, toa mabaki, inabaki 5,880,000. Kwa thamani ya mwanzo ingekuwa 4,350,000.

Kabla ya kusema "naliacha kwangu", pima chuma. Mark II haina chesesi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesesi. Chukua futi, pima mshazari kutoka bolti ya juu ya shokomzoba ya kulia hadi kona ya kushoto ya sapoti ya rejeta, kisha upande wa pili. Tofauti ya milimita chache hurekebishika kwa urahisi. Ikizidi sana, reli za mbele zimepinda na lazima zivutwe kwenye mashine, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja daima. Angalia feni na pampu ya maji, kwa kuwa rejeta ikisukumwa nyuma hugonga feni kwanza. Kama ni boneti, taa, bampa, fenda, rejeta na kondensa ya AC, nozikati moja (sehemu yote ya mbele iliyokatwa kwenye gari la mtumba) ya Ilala au Gerezani, Dar es Salaam, hutoa vyote kwa bei ya chini ya kununua kimoja kimoja. Eabegi zikifumuka, mikanda na kompyuta yake hubadilishwa pia, na eabegi ya mtumba siifungi. Gari lililozama kwenye mafuriko ningewaachia, hata kama nalipenda.

Dischaji vocha (hati ya kukubali malipo) isisainiwe mpaka namba zote zimeandikwa: thamani, ekses, mabaki, na nani anabaki na gari. Ukishasaini "malipo kamili na ya mwisho", mlango umefungwa. Wakikataa kusogea, peleka malalamiko ya maandishi kwa kampuni, kisha TIRA (mamlaka ya bima Tanzania) au ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ukiwaachia mabaki, hakikisha kadi ya gari inahamishwa TRA (mamlaka ya mapato) kwa jina la mnunuzi. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na jina kwenye kadi litakuwa bado lako. Ukilichukua, dai barua inayosema mabaki yameachwa kwako. Bima ya zamani huisha na fidia, ada hairudi, na makampuni mengi yatasita kukupa bima kubwa tena. Bima ndogo (inayolipa tu madhara kwa watu wengine) ya gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT. Ikate kabla gari halijatoka gereji, uthibitishe kwenye mfumo wa TIRA kwamba namba yako inasoma.