Makala ya usalama inayokufa mezani kwa mhariri

Jarida la International Security lilianza 1976, huhaririwa Harvard, huchapishwa na MIT Press, na hutoka mara nne tu kwa mwaka likiwa na makala chache kila toleo. Kila anayesomea usalama wa kimataifa angependa jina lake lionekane humo. Hesabu yenyewe inakataa. Lakini hata kwenye majarida yasiyo na foleni ya namna hiyo, miswada mingi kutoka vyuo vyetu hurudishwa na mhariri kabla haijafika kwa mhakiki yeyote, yaani mtaalamu wa fani anayeombwa kuupima muswada. Barua huja baada ya wiki chache, fupi, ya adabu, haina la maana ndani yake. Wenzetu husema ni upendeleo. Upendeleo upo, sibishi. Ila ukiishika miswada yenyewe, mara nyingi kilichoiua kipo ukurasa wa kwanza.

Chukua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Muswada wa kawaida unaanza hivi: "Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia Mocímboa da Praia, mkoa huu umekumbwa na machafuko makubwa. Makala hii inachunguza sababu, athari na suluhisho." Hiyo "sababu, athari na suluhisho" tumeibeba kutoka kwenye tasnifu. Msimamizi wa tasnifu anaipenda kwa sababu inaonyesha umesoma kila kitu. Mhariri anaisoma akijiuliza jambo moja: baada ya makala hii, nitaamini nini ambacho jana sikukiamini? Asipoliona jibu katika aya mbili za kwanza, anafunga faili.

Sasa chukua uwanja huohuo wa vita uutafutie swali. Julai 2021 waliingia wageni wawili kwa wakati mmoja. Rwanda ilipeleka askari na polisi wapatao 1,000 kwa makubaliano yake na Maputo. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikapeleka kikosi cha pamoja, SAMIM, chenye nchi kadhaa ndani yake, Tanzania ikiwemo. Tarehe 8 Agosti 2021 Wanyarwanda na jeshi la Msumbiji walikuwa wameshairudisha Mocímboa da Praia. SAMIM ilifunga virago Julai 2024, Wanyarwanda wakabaki. Adui mmoja, mkoa mmoja, mwezi mmoja wa kuanzia, lakini miundo miwili tofauti ya amri. Hapo una ulinganisho ambao hata mtu asiyeijua Msumbiji kwenye ramani atataka kuusoma, kwa sababu swali limekuwa kubwa kuliko mahali: je, jeshi la nchi moja lenye kamandi moja hufanya kazi kuliko muungano ambao kila kikosi kinasubiri ruhusa ya nyumbani kwao?

Usikimbilie kujibu "ndiyo". Mhakiki yeyote mwenye akili ataleta maelezo mbadala, na ni afadhali uyataje wewe mwenyewe kabla yake. Wanyarwanda walipewa Palma na Mocímboa da Praia, karibu na mradi wa gesi ambao TotalEnergies iliusimamisha Aprili 2021 baada ya shambulio la Palma. Huenda eneo lao lilikuwa rahisi zaidi kulilinda. Huenda fedha ndizo zilizoamua: Desemba 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha euro milioni 20 kwa ajili ya kikosi cha Rwanda, ingawa SAMIM nayo ilipewa msaada na chanzo hichohicho. Huenda wapiganaji walihama tu, wakaelekea Macomia na Nangade kwenye eneo la SAMIM, na kinachoonekana kama ushindi upande mmoja ni mzigo uliosukumwa upande wa pili. Hili la mwisho ndilo gumu, na sehemu kubwa ya makala yako inapaswa kupambana nalo. Mwandishi anayeliweka kwenye aya moja ya "mapungufu ya utafiti" mwishoni ameshajihukumu.

Ushahidi wa kulipima hilo kwa kawaida ni hifadhidata za matukio ya vita, na hapa ndipo wengi hujikwaa bila kujua. Zinazotumika zaidi ni mbili: ACLED na ile ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, iitwayo UCDP. Hazihesabu kitu kimoja. ACLED huandika hata tukio lisilo na kifo, maandamano yakiwemo, na tukio ni la siku moja mahali pamoja. Mapigano ya siku nne Palma yanaweza kuwa mistari minne au zaidi. UCDP hutaka angalau kifo kimoja kwa kila tukio, kundi linalojulikana, na vifo visivyopungua 25 katika mwaka wa kalenda ndipo mgogoro uhesabiwe. Kundi la Cabo Delgado kwa muda mrefu halikutoa tamko. Dola la Kiislamu (ISIS) lilijitangaza kuhusika huko kwa mara ya kwanza Juni 2019. Kwa hiyo miaka ya mwanzo zana hizo mbili zinaweza kukupa picha tofauti za wilaya moja, na wala si kwamba moja inadanganya. Chagua moja, eleza kwa nini, kisha rudia hesabu kwa ya pili uone kama hoja inasimama. Kuzijumlisha ni kuhesabu maiti mara mbili.

Fungua faili la ACLED utazame safu ya vifo peke yake. Utaona tarakimu 3 na 10 zimejaa kupita kiasi. Hiyo ni kanuni ya uandikaji: chanzo kikisema "watu kadhaa waliuawa" bila idadi, ACLED huweka 3 au 10 kulingana na ukali wa mapigano ya eneo hilo, kikisema "makumi", huweka 12. Mtu akijenga grafu nzima juu ya jumla ya vifo vya mwezi, anachora kanuni ya karani pamoja na vita. Kwa ulinganisho wa Rwanda na SAMIM ni salama zaidi kuhesabu matukio, vifo ukaviweka pembeni kama kipimo cha pili. UCDP nayo hutoa makadirio matatu, la chini, bora na la juu. Ripoti yote matatu. Kuchukua lile "bora" peke yake ni kuficha wasiwasi ambao waandaaji wenyewe wameuandika.

Kuna na usahihi wa mahali. ACLED huweka ngazi ya 1 hadi 3: 1 ni kijiji au mji wenyewe, 3 ni mkoa au eneo kubwa ambalo limepewa kituo chake tu kwenye ramani. Ukilinganisha wilaya kwa wilaya bila kuyatoa matukio ya ngazi ya 3, makao makuu ya mkoa yataonekana yanawaka moto ilhali hakuna risasi iliyopigwa huko. Andika pia tarehe uliyopakua data. ACLED husahihishwa kila wiki, hata matukio ya nyuma, na mhakiki atakayerudia hesabu zako miezi minane baadaye atapata namba nyingine. UCDP ina matoleo yenye namba, mfano 24.1, itaje.

Na jina la kundi. Wenyeji huwaita "al-Shabaab", na kuna miswada inayowachanganya na wale wa Somalia katika jedwali moja. Dola la Kiislamu nalo liliwaweka kwanza chini ya "jimbo la Afrika ya Kati" pamoja na waasi wa ADF wa mashariki mwa Kongo, kisha Mei 2022 likaitenga Msumbiji. Mwandishi asiyezijua tarehe hizo atawajumlisha wapiganaji wa Beni, Kongo, na wa Macomia katika mstari mmoja wa grafu, na mhakiki aliyewahi kufanya kazi Goma atamwona mara moja.

Kuhusu jarida gani, chagua kabla ya kuandika. Journal of Peace Research, lililoanzia Oslo 1964, linapenda data na linadai faili za kurudia hesabu zako: data yenyewe na amri zote za programu, ziende sawa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. African Security na African Affairs zitavumilia kisa kimoja kilichochimbwa vizuri. Survival ya IISS, taasisi ya London, inataka hoja ya sera, fupi, bila sura nzima ya nadharia. Soma makala za toleo la mwaka huu na mwaka jana; kama hakuna hata moja unayoweza kubishana nayo kwenye muswada wako, hapo si kwako. Urefu mara nyingi ni kati ya maneno 8,000 na 12,000, na angalia kama wanahesabu tanbihi na marejeo ndani yake. Kuzidisha kikomo kwa maneno 2,000 ni njia rahisi kabisa ya kurudishwa na msaidizi wa ofisi, hata mhariri hajakuona.

Vibali havirudishwi nyuma. Majarida sasa yanauliza kibali cha maadili mwanzoni kabisa, wakati wa kuwasilisha, na huwezi kukiomba baada ya kuwahoji askari. Kibali cha utafiti nacho, Kenya hutolewa na NACOSTI, Uganda na UNCST, Tanzania Bara na COSTECH, pamoja na barua za chuo na za mkoa. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha Bara hakikufikishi mbali ukishuka bandarini. Kwa mada za usalama tenga miezi, kwa sababu faili lako litapita mikono mingi kuliko la mwenzako anayetafiti mihogo. Rekodi za sauti za waliohojiwa ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Zihifadhi kwa nenosiri, majina ukiyatenga kwenye faili jingine. Jarida likikutaka uweke data hadharani, mahojiano yanayoweza kumtambulisha mtu yanaombewa msamaha, na wahariri wa fani hii huuelewa. Andika ombi hilo kwenye barua ya kuwasilisha, usingoje uulizwe.

Uhakiki huwa wa siri pande zote mbili, kwa hiyo muswada usikutaje. Kuondoa jina ukurasa wa mbele hakutoshi. "Kama nilivyoonyesha awali" ikifuatiwa na marejeo yako ni sawa na sahihi yako. Namba ya kibali inayoonyesha chuo chako nayo ifichwe kwa muda. Faili la Word lina jina la mwenye kompyuta ndani ya taarifa zake. Zifute kabla ya kupakia.

Ukifika kwa wahakiki, subiri miezi mitatu hadi sita. Barua pepe ya kuulizia baada ya mwezi wa nne haina ubaya. Jibu zuri kuliko yote utakalolipata mara ya kwanza ni "rekebisha na uwasilishe tena", na wapo wanaoliona hilo kama kukataliwa wakaacha. Hasara tupu. Tengeneza waraka wa majibu: kila maneno ya mhakiki yanakiliwa yalivyo, chini yake jibu lako, na ukurasa ulipobadilisha. Mfano, Mhakiki wa 2 anaandika: "SAMIM haikuwa na vifaa, ulinganisho si wa haki." Jibu baya: "Tunashukuru, tumeboresha sehemu hii." Jibu linalofaa: "Hoja ni ya kweli. Ukurasa wa 14 tumeongeza jedwali la vikosi na vifaa vya pande zote mbili, na ukurasa wa 19 tumelinganisha miezi ambayo SAMIM ilikuwa na nguvu yake kamili. Tofauti inapungua lakini haiishi. Tumepunguza dai letu kwenye ikisiri ipasavyo." Pale ambapo mhakiki amekosea, mwambie kwa ushahidi, kwa upole. Wahakiki wawili wakipingana, usijaribu kuwaridhisha wote. Mwandikie mhariri umemfuata nani na kwa nini.

Fedha. Majarida mengi makubwa ya fani hii hayamtozi mwandishi anayechapisha kwa njia ya kawaida ya usajili. Tozo, mara nyingi zaidi ya dola 2,000, ni kwa anayetaka makala isomwe bure na kila mtu papo hapo, na nchi zilizo kundi A la mpango wa Research4Life, Tanzania ikiwemo, mara nyingi husamehewa kwenye majarida ya ufikiaji huria kamili. Omba msamaha wakati wa kuwasilisha, si baada ya ankara. Lile linalokukubali kwa siku saba, lenye jina pana la sayansi zote za jamii, na linaloomba dola 150 kwa simu ya mkononi, unalijua: ni la kitapeli. La hatari zaidi ni tovuti bandia iliyonakili jina na ISSN (namba ya utambulisho) ya jarida halisi. Usiingie kwa kiungo cha barua pepe. Anzia kwenye ukurasa wa mchapishaji au DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria, na kama chuo chako kinahesabu orodha ya Scopus kwa kupandisha vyeo, angalia kwamba jarida bado limo, maana mengine huondolewa.

Rasimu ya mwisho ya chapa huja na siku mbili au tatu tu za kuisahihisha. Hapo husahihishi hoja tena. Angalia majina ya mahali: warekebishaji wa mbali hupenda kuifanya Mocímboa iwe Mocimboa, na Mueda iwe Maueda. Angalia vichwa vya jedwali, alama za desimali, na mpangilio wa jina lako, kwa sababu ukigeuzwa hapo Google Scholar itakuita kwa jina la babu. Kisha soma mkataba: wengi huruhusu kuweka toleo lililokubaliwa, kabla ya kupangwa kurasa, kwenye hazina ya chuo baada ya miezi 12 hadi 24. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu siku hiyohiyo unayosaini.