Dari la Chumba Kile

Tulikuwa watu sita, na filamu ilikuwa 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Dakika 96, nyeusi na nyeupe, karibu zote ndani ya chumba kimoja: raia kumi na wawili, wajumbe wa jopo la kuamua kesi, wanafungiwa humo hadi wakubaliane kama kijana aliyeshtakiwa kwa kumuua baba yake ana hatia. Kura ya kwanza, 11 kwa 1 kwamba anayo. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu kwamba itawakaba koo. Robo saa ikapita, mmoja akauliza, "Mbona hawa wanaonekana kama wasoma habari?"

Alisema kweli. Runinga ilikuwa kwenye mpangilio wa kulainisha mwendo. Filamu kama hii ina picha 24 kwa sekunde. Runinga ikiachiwa, hubuni picha nyingine na kuzipachika katikati, mwendo ukateleza kama wa matangazo ya moja kwa moja, na nyuso zikakosa uzito. Tukasimamisha tukautafuta, maana kila kiwanda huuita kwa jina lake na kuuficha ndani ya mipangilio ya picha. Tukauzima, tukapunguza na ukali wa mwanga. Taa iliyokuwa nyuma yetu nayo ikazimwa, kwani kila tukio la giza ilikuwa inajitazama kwenye kioo. Sauti tuliipimia kwa mjumbe wa tisa, yule mzee mpole. Ukiipimia kwa wanaofoka, wanaonong'ona watakupita.

Kisha tukaanza upya, tangu mwanzo kabisa. Wawili walinung'unika, lakini hasira ya filamu hii haikatwi vipande. Joto la chumba, feni isiyozunguka, kura ya siri inayomtoa yule mzee upande wa wengi, kisu cha pili kinachochomekwa mezani: kila kimoja kinaongeza kuni. Mjumbe wa tatu, Lee J. Cobb, anapoona picha yake na mwanawe mezani na kuichana, kisha akalia, hatukuwa na pa kukwepea. Mtu tuliyemchukia zaidi ya saa nzima ndiye aliyetutoa machozi.

Hapo mmoja wetu akainuka kuwasha taa. Kosa la kawaida. Majina ya mwisho yaachwe yapite, macho yapate pa kukauka. Na mimi nikaongeza langu: "Mmeipenda?" Swali hilo hujibiwa kwa neno moja na mazungumzo yakafa. Nililirekebisha: "Wewe ulianza kuyumba wapi?" Wengine walitaja kisu. Mmoja alikiri kwamba hakuyumba kabisa, alifuata wengi tu, na jibu lake lilitushughulisha kuliko yote.

Lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini kifua kilibana. Tukarudia vipande vitatu bila sauti: kimoja cha mwanzo, kimoja cha katikati, kimoja karibu na mwisho, dakika tano tano. Sauti ikizimwa huwezi kujificha nyuma ya maneno. Unabaki na kamera. Mwanzoni inawatazama kutoka juu kidogo ya usawa wa macho. Katikati imeshuka hadi usawa wenyewe. Mwishoni iko chini yake, inainua uso kuwatazama. Lumet alieleza kwamba alipanga hivyo, na kwamba alizidi kutumia lenzi ndefu, zile zinazovuta vya mbali karibu, kadiri filamu ilivyoendelea, ili kuta zionekane kuwasogelea watu. Wanapotoka nje, lenzi inakuwa pana. Ndipo tulipokuwa tumeshusha pumzi wote sita, tukidhani ni kwa sababu kesi imekwisha.

Yule wa wasoma habari alisimamisha picha kwenye kipande cha tatu, akasogea hadi karibu na kioo na kuweka kidole juu ya vichwa vyao.

"Dari," akasema. "Mwanzoni hatukuliona."