Sare tamu kweli

Nimemaliza mchezo sasa hivi, mikono bado inatetemeka!

Sataranji, kete nyeupe. Nikafungua kwa Gambiti ya Mfalme: askari wangu e4, wa mpinzani e5, kisha askari wangu mwingine f4. Askari anatolewa kafara, mfalme anabaki wazi. Naipenda sana hatari hiyo.

Shambulizi likazimika. Nikabaki na mfalme na ngome tu, mpinzani ana mfalme, ngome na askari.

Nikamkumbuka Philidor, Mfaransa aliyeuchambua ulinzi huu mwaka 1777. Mfalme wangu mbele ya askari, ngome mstari wa tatu, mfalme wa mpinzani asipite.

Nikasubiri. Nikasubiri tena.

Askari alipokanyaga tu mstari ule, ngome yangu ikaruka hadi wa nane, nikaanza kumpiga shaha, yaani kumtishia mfalme wake, kutoka nyuma. Hana pa kujificha!

Jamani, nyie mkishika nyeupe mnafungua vipi?